Unga wa wifi, karai la bajia na masikio yanayowasha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Wa pili ni wa kiume, ana miezi mitano na bado namnyonyesha. Nakuandikia kuhusu nywele. Najua wapo watakaosema nywele si jambo la kuandikiwa barua, lakini hizi zangu zimeshafika mpaka kwenye ndoa.

Dawa ya kulainisha nywele niliiacha miaka mitatu iliyopita. Nywele zangu ni za kipilipili, nzito, na nilipojifungua zilikuwa zinafika mabegani nikizivuta. Mtoto alipotimiza miezi mitatu zikaanza kung'oka. Nikipitisha chanuo linatoka na kifungu, asubuhi foronya imejaa, na siku moja nilimkuta mtoto unywele umemzonga kidole cha mguu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anauza vitu vya urembo nyumbani kwake. Aliponiona akasema dawa anayo, nywele za Wahindi ninazoziona hazikuja hivi hivi. Akaniletea paketi sita: amla, shikakai, ritha, bhringraj, brahmi, na moja imeandikwa hina nyeusi. Zote kwa mkopo, na mpaka leo ananidai shilingi 45,000. Maelekezo yake ni nichote kijiko kimoja kimoja cha zile tano, nikoroge na maji ya moto, niloweke usiku kucha kwenye karai la chuma. Karai kaniazima lake mwenyewe, lile la kukaangia bajia. Asubuhi napaka uji mzito kichwa kizima, nafunga mfuko wa nailoni, nakaa saa tatu, naosha. Mara mbili kwa wiki. Hina nyeusi ni mara moja kwa mwezi, kuficha mvi chache nilizonazo kwenye paji.

Nimefanya hivyo miezi miwili, Shangazi, na nywele zimekuwa kama mkonge ulioanikwa. Naosha ndoo tatu za maji, lakini zikikauka nikijikuna zinashuka chenga za kahawia kama ugoro. Zinakatika vipande vifupi vifupi. Halafu ule uji ukilala kwenye karai unaamka mweusi kama wino, umeniharibia taulo mbili. Ndipo nikaingiwa na wasiwasi, amla gani inakuwa nyeusi hivi? Nahisi wifi ameuziwa rangi badala ya amla.

Wiki mbili zilizopita mambo yakazidi. Nilipaka ile hina nyeusi kwa mara ya pili. Ya kwanza haikunifanya kitu, na nzuri yake inashika haraka, dakika ishirini tu nywele nyeusi ti. Siku ya pili yake masikio yakaanza kuwasha, vikatoka vipele vya maji nyuma ya masikio na shingoni, kope zikavimba nikawa kama nimelia usiku kucha. Wifi akasema huo ni uchafu unatoka, kichwa kinajisafisha.

Sasa ana mapya. Anataka nilambe kijiko cha amla na asali kila asubuhi, ati nywele ziote kutoka ndani na maziwa yaongezeke. Mwezi ujao ni harusi ya mdogo wao, anataka niwekwe piko mikono na miguu, na mtoto apakwe hina utosini na nyayoni apoe mwili. Nilipomwambia mume wangu sitaki, akajibu kwamba dada yake ndiye aliyemlea, nisimvunje moyo kwa ajili ya nywele.

Je, unga huu niutupe wote? Nywele zitarudi? Na wifi nimwambieje?

Mama wa Wawili, Ngamiani


Marahaba mwanangu.

Kabla ya kichwa chako, kidole cha mwanao. Umelitaja kama jambo la kupita, ila mimi lilinifanya nisimame. Unywele wa mama ukizonga kidole cha mtoto mchanga unaweza kukaza kila anapopiga mateke, mpaka damu ikashindwa kupita. Hutokea sana vidole vya miguu, hutokea vya mikono, na kwa watoto wa kiume hutokea hata kwenye uume. Mtoto hulia tu, nawe humjui analilia nini. Kwa kipindi hiki unachopukutisha, kila unapombadilisha nepi mkague vidole kimoja kimoja, soksi zake zigeuze ndani nje kabla ya kumvisha, na ukimnyonyesha jifunge kilemba. Ukikuta kidole kimevimba au kimebadilika rangi na unywele umezama kwenye nyama, usihangaike nao kwa wembe. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye weusi. Barua yako ina weusi wa aina mbili, nawe umemkamata asiye na kosa.

Weusi wa karai ni wa karai. Amla imejaa tanini, ile kitu inayokausha ulimi ukila bibo au ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana na chuma hutoa weusi. Umeshamenya ndizi mbichi za kupika kwa kisu cha chuma ukaona kisu na vidole vilivyogeuka? Ni jambo lile lile. Huko Ulaya wino wa kuandikia vitabu walitengeneza hivyo kwa karne nyingi, tanini ya mti ikichanganywa na chumvi ya chuma. Na wanawake wa Kihindi hulowekea amla kwenye karai la chuma makusudi, ili ipate weusi na iwape weusi. Hata neno karai lenyewe lilitufikia kutoka kwao. Kwa hiyo amla ya wifi inaweza kuwa amla halisi kabisa. Ukitaka kuhakikisha, chukua kijiko kimoja ukoroge kwenye bakuli la udongo au la plastiki, uache usiku kucha. Ikiamka na rangi ya udongo, kesi ya karai imekwisha na wifi ametoka mshindi.

Hapo ndipo ushindi wake unapoishia, maana ile hina nyeusi si hina.

Mti wa hina una rangi moja tu, ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu wa kahawia, na haina haraka. Wewe umepakwa hina tangu ungali mtoto, unajua mtu anavyokaa kutwa mikono juu kama anayeombewa dua. Kitu kinachoshika nyeusi ti kwa dakika ishirini ni rangi ya kiwandani, na kwa jinsi ulivyotokwa na vipele mimi namshuku parafenilini-diamini, ile ile iliyomo kwenye piko. Watu wa asili wanaotaka weusi bila kiwanda hupaka hina kwanza, wakaiosha, kisha wakapaka nili ya majani juu yake, si ile ya kufulia. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa.

Angalia hesabu ya siku ulizonipa. Mara ya kwanza hukuona kitu. Mara ya pili, siku moja baadaye, masikio, shingo na kope. Ndivyo mzio wa rangi hii unavyokuja. Mara ya kwanza mwili unaitambua na kuiweka akilini, ya pili unapigana nayo. Kope huvimba hata kama rangi haikuzigusa, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Amla uliyopaka mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili ingekuwa ndiyo mkosaji, usingengoja mpaka siku ile ya hina nyeusi. Na huo "uchafu unaotoka", mwanangu, huo ni msemo wa wauzaji. Kila dawa inayomdhuru mteja husemwa inamsafisha.

Mwili uliokwisha kuikataa rangi hii hausahau. Kwa hiyo piko ya harusi ikatae, hata ya kidole kimoja. Mara ya tatu inaweza kuwa mbaya kuliko ya pili, na piko ikiwekwa kwenye ngozi huwaachia wengine malengelenge na makovu yenye umbo la ua lenyewe. Marekani sheria inairuhusu rangi hiyo kwenye nywele tu, kuipaka ngozini hairuhusiwi. Harusini wekwa hina ya kawaida ya majani, ambayo unajua haijawahi kukudhuru. Na hata rangi za nywele nyeusi za madukani, zenye jina na boksi zuri, ziwe za kupita tu kwako, maana nyingi zina dawa hiyo hiyo au ndugu zake. Vipele vikirudi, au kichwa kikianza kutoa maji, nenda hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu, na ile paketi uibebe. Usinunue krimu ya kupaka kwa kuambiwa na jirani.

Haya, nywele zenyewe.

Kesho asubuhi tandika kanga nyeupe au karatasi, chana nywele juu yake, kisha uzichague. Zile ndefu zenye kidoto cheupe mwishoni zimeng'oka na mzizi. Zile fupi zisizo na kidoto zimekatika. Nadhani utazikuta za aina zote mbili, na kila aina ina sababu yake.

Zenye kidoto zimeletwa na huyo bwana mdogo wa miezi mitano. Ukiwa na mimba, homoni huzizuia nywele nyingi zisidondoke kwa zamu yake, ndiyo maana wajawazito wengi hupendeza nywele. Ukishajifungua, zile zote zilizochelewa huingia mapumzikoni pamoja, na miezi miwili mpaka minne baadaye hudondoka pamoja. Zimekuwa nywele za Tanga, waja leo waondoka leo. Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku bila hata kujua. Wewe sasa hivi umevuka hapo. Hurudi zenyewe, na kwa wengi mambo huwa yamekaa sawa mtoto anapokaribia mwaka. Nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo usitegemee kuiona tofauti kabla ya miezi kadhaa. Na nikutabirie jambo: zitakaporudi, amla ndiyo itakayopewa sifa, na wifi atapata wateja wapya kumi.

Kitu kimoja kapime, nacho ni wingi wa damu. Uzazi na kunyonyesha hula madini ya chuma, na upungufu wake huongeza kupukutika. Kwa mwanamke asiye na mimba kipimo kikisoma chini ya 12, damu ni pungufu. Kula dagaa, maharage na maini ukiyapata, kamulia ndimu, na chai ya rangi isiandamane na chakula, ikae mbali angalau saa moja. Ile tanini iliyokamata chuma cha karai hukamata na chuma cha chakula tumboni.

Ukiona sehemu ya utosi imebaki na upara laini unaong'aa, vitundu vya nywele havionekani, hiyo si habari ya uzazi. Hapo ni daktari wa ngozi, na mapema, maana kovu likishaziba shina nywele haioti tena.

Zile zilizokatika ndizo za unga. Ila si kosa la mimea, ni kosa la upishi. Wanaoonyeshwa kwenye video wakipaka uji wa amla wengi wana nywele zilizonyooka. Maji yakipita, unga unateleza unakwenda zake. Nywele ya kipilipili imejizungusha kama springi, na kila mzunguko unashika chenga yake. Chenga zikikauka humo zinasugua nywele kama msasa kila unapochana au kulalia mto. Huo ndio ugoro unaoukuna. Juu ya hapo umechanganya vitu vitatu vinavyokausha kwa mpigo mmoja: amla yenye tanini, shikakai na ritha ambazo zote mbili ni sabuni, ukaziacha saa tatu, mara mbili kwa wiki, kwenye nywele ambazo kwa asili yake hazipati mafuta ya kutosha. Hata sufuria la ubwabwa hulisugui hivyo.

Nikueleze kila paketi kwa ninavyoijua.

Shikakai ni maganda ya matunda ya mti wa jamii ya migunga, yenye saponini zinazotoa povu jepesi. Ni mkunazi wa Wahindi, kwa maneno mengine. Bibi zetu walioshea nywele majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, yale yale tunayotia kwenye maji ya kuoshea maiti, na labda ndiyo sababu mabinti wa siku hizi wanayaogopa na kwenda kununua ya paketi. Shikakai ni nzuri, na ni pole kuliko sabuni ya kipande. Ubaya wake ni vumbi. Ukifungua paketi kwa nguvu utapiga chafya mpaka jirani akuombee, na mwenye pumu akae mbali kabisa.

Ritha ni kali kuliko shikakai. Povu lake likiingia machoni utaita majina ya wazazi wote. Kwa kichwa chenye vipele kama chako iweke kando. Si lazima uitupe, inafulia sweta na vitambaa vya hariri vizuri sana.

Amla ni tunda chachu la huko kwao, na kazi yake ya kuonekana ni kuzikaza nywele kidogo na kuzipa mng'ao. Kwa nywele laini zinazolala hilo ni zuri. Kwa nywele kavu, kidogo tu, na mara moja kwa mwezi inatosha.

Bhringraj inasifiwa kwa kuotesha. Majaribio yaliyofanywa yanatia moyo, ila yalifanywa kwa panya, na kutoka mgongo wa panya mpaka kichwa chako ni safari. Ukitaka kuitumia, loweka kwenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu, yachuje, upakie shina la nywele. Hata kama haioteshi kitu, nazi yenyewe itakuwa imefanya kazi yake. Brahmi sina la kukwambia, kwa kuwa jina hilo hupewa mimea miwili tofauti kabisa, na paketi nyingi hazisemi ni upi. Kisichojulikana ni nini hakipakwi kichwani kwa mama anayenyonyesha.

Usinielewe vibaya, siko hapa kukataa vya ng'ambo ya bahari. Mwarobaini tunaouchuma uani uliletwa kutoka Bara Hindi, na leo nani anaukumbuka kama mgeni?

Kwa hiyo pumzika wiki nne bila unga wowote, mpaka ngozi ya kichwa ipone. Osha mara moja kwa wiki kwa shampuu isiyo na manukato makali, na kabla ya kuosha pakaa mafuta ya nazi urefu wote, yakae nusu saa, ili maji yasizivimbishe sana. Zile chenga zitoe ukiwa umepaka losheni ya nywele ya kutosha, kwa vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana kuanzia nchani kwenda juu. Usizichane kavu, hata kama una haraka ya shughuli.

Zikishatulia, rudia unga kwa njia nyingine: usipake uji, tumia maji yake. Vijiko viwili vya chakula vya shikakai, au vya mkunazi, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, kwenye bakuli la udongo au kioo. Funika dakika ishirini. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kile kilichofuliwa mpaka kimelainika, kikunje mara mbili, chuja, kamua. Utashangaa tope linalobaki kwenye kitambaa. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta kichwani kwa ndoo tatu. Maji yaliyopoa jimwagie taratibu, kichwa kimeinama nyuma, sugua shina dakika tano, suuza. Yaliyobaki mwaga. Kwa joto letu hili hayafiki kesho bila kunuka, na kwenye friji usiyaweke zaidi ya siku mbili tatu. Unga mkavu nao utie kwenye chupa yenye mfuniko, hewa ya bahari ikiugusa unaganda na kufanya ukungu.

Kila kitu kimoja kwa wakati wake. Kabla ya kukipaka kichwani kipake kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje siku mbili. Ukichanganya vitano ukawashwa, utamshitaki nani?

Na kama unataka kitu kimoja tu kwa nywele kavu za kipilipili, waache Wahindi na paketi zao, ingia jikoni kwako. Uwatu. Naamini unao, maana mzazi gani wa pwani hakupikiwa uji wa uwatu? Loweka vijiko viwili vya mbegu nzima usiku kucha, asubuhi utakuta ute unaovutika kama bamia. Uchuje, uupake kuanzia katikati mpaka nchani, kaa dakika ishirini, osha. Chanuo litapita kama kwenye samli. Sokoni Mgandini unapimiwa wa pesa kidogo ukaupaka mwezi mzima. Ukiwa miongoni mwa wanaodhurika na karanga au dengu, acha, maana uwatu ni wa ukoo huo huo.

Kulamba amla, hapana. Tunda la amla watu wanalila, sikatai, lakini wewe unaambiwa ulambe unga uliofungwa kwa ajili ya kichwa, na anayenyonya ni mwingine. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za mitishamba za Kiayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, zilizotengenezwa Asia ya Kusini, za kumeza, na 14 kati yake zikakutwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au arseniki. Hizo zilikuwa za kumeza. Za kupaka hakuna aliyezisafisha akifikiria tumbo la mtu. Hapa kwetu vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019. Geuza hizo paketi zako nyuma, uone kama kuna jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na orodha ya vilivyomo. Nisingeshangaa ile nyeusi ikawa haina hata kimoja.

Na mtoto asipakwe hina. Si nyeusi, wala nyekundu, wala ya kuchuma mwenyewe uani. Najua ni mila na najua inapoza. Lakini rangi ya hina hupenya ngozi ya mtoto mchanga, na kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD huvunja chembe za damu, mtoto akageuka manjano na kuishiwa damu. Upungufu huo uko mwingi pwani yetu hii ya malaria, huwapata zaidi wavulana, na mtoto anaweza kuwa nao asionyeshe dalili yoyote mpaka siku hiyo. Hapo usijadiliane na mtu, hata na baba yake. Mtu mzima akipaka hina ni hiari yake, mtoto hana hiari.

Nimebakiza wifi, nawe nadhani ndiye aliyekuandikisha barua.

Usimtume mume wako. Mwanamume akitumwa kwa dada aliyemlea, ujumbe utafika umepinda, na utarudi kwako ukiwa umevimba kuliko kope zako. Nenda mwenyewe, saa za jioni, na kitu mkononi, hata kama ni sahani ya vitumbua. Mwonyeshe nyuma ya masikio yako kabla hujasema neno. Wifi yako naye kauziwa, huenda alimwamini aliyemletea kama wewe ulivyomwamini yeye. Mwambie, "Dada, hii nyeusi imenidhuru, na naogopa ikimdhuru mteja atakuja kukulaumu wewe." Mfanyabiashara husikia haraka zaidi neno mteja kuliko neno wifi. Mwambie pia habari ya mtoto, na useme umeambiwa na mtu mzima, mimi nipo, nilaumiwe mimi.

Amla, shikakai na bhringraj zilipie, ni mali halali na utazitumia. Brahmi na ritha, zikiwa hujazimaliza, mrudishie mpunguziane hesabu. Hina nyeusi usiilipe na usimwachie airudishe kabatini. Mwombe muimwage wote wawili, na kama atakataa, basi angalau wewe umesema mbele ya Mungu.

Karai mrudishie siku hiyo hiyo. Lisugue kwanza, ulikaushe jikoni juu ya moto mdogo, ulipake mafuta lisipate kutu, maana bajia za harusi zinalingoja.

Shangazi